Mkanda wenye waya, mkeka na mkanda usio na waya: tathmini ya vifaa vya kukinga kompyuta dhidi ya umemetuli

Seti ninayoitathmini hapa ni ile ambayo mtu anayeunda kompyuta yake nyumbani hukutana nayo mara tu anapoanza kutafuta vifaa: mkanda wa kufungwa kwenye kifundo cha mkono, waya uliojizungusha wenye kibanio cha meno mwishoni, na mkeka wa mpira wa kutandika mezani. Pamoja na seti hiyo nimejaribu mkanda unaouzwa kwa sifa ya kutohitaji waya, na glavu za nailoni zilizofumwa kwa nyuzi za kaboni, kwa kuwa bidhaa hizi zote huuzwa bega kwa bega, zikiwa na maelezo yanayofanana, ilhali kazini zinaachana mbali. Uamuzi wangu nautoa mapema. Mkanda wenye waya unastahili kununuliwa. Mkeka unamfaa anayefungua kompyuta mara kwa mara. Glavu ni za hiari. Mkanda usio na waya usinunuliwe kabisa. Hata hivyo, huo unaostahili una sharti lake, nalo ni kwamba mnunuzi ajue ncha ya pili ya waya inakwenda wapi. Sehemu inayofungwa mkononi ndiyo inayopigwa picha na kusifiwa, lakini kinga yote hupatikana au hupotea kwenye kile kibanio kidogo cha meno.

Kwanza tuutazame umemetuli wenyewe, yaani chaji ya umeme inayotulia juu ya kitu badala ya kutiririka. Vitu viwili visivyofanana vinapogusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na elektroni za mwenzake. Vitu hivyo vikiwa ni vihami, yaani visivyopitisha umeme, kama nailoni, sufu, polista au soli ya mpira, chaji hukosa pa kukimbilia, nayo hubaki juu ya nyuso zake na kuuambukiza mwili wa aliyevivaa. Mwili wa binadamu huweza kuhifadhi chaji kwa kiasi cha pikofaradi 100 hivi, na kiasi hicho ndicho kinachotumiwa viwandani katika jaribio la kuiga mguso wa mtu, kikiunganishwa na rezista ya omu 1,500. Jedwali la zamani ambalo bado linanukuliwa katika miongozo ya fani hii linaonyesha kwamba kutembea juu ya zulia katika hewa kavu, yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 20, kunaweza kuupandisha mwili hadi volti 35,000, wakati mwendo huo huo katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 90 huzalisha volti 1,500 tu. Kwa anayefanya kazi akiwa amekaa mezani, jedwali hilo linataja volti 6,000 penye ukavu na 100 penye unyevu. Kwa hiyo anayeapa kwamba ameunda kompyuta miaka nenda miaka rudi bila kinga yoyote na asipate hasara, na anayelalamika kuwa moduli yake ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ilikufa siku aliyoitoa kwenye mfuko, huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja katika hewa yake.

Linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba kisichohisiwa hakipo. Mtu huanza kuhisi mchomo kwenye ncha ya kidole volti zinapokaribia 3,000. Kwa mwili wa pikofaradi 100, volti hizo zimebeba nishati isiyofika hata nusu ya milijuli, jambo dogo sana kwa ngozi. Ndani ya chipu hali ni nyingine, kwa sababu tabaka la kihami linalotenganisha sehemu za transista lina unene wa kupimwa kwa nanomita, na chaji hiyo hupita ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde ikiwa imekusanyika mahali pamoja. Viwanda huzipanga chipu katika madaraja kulingana na volti zinazoweza kustahimili: zipo zinazodhurika chini ya 250, na zipo zinazovumilia hadi 2,000 au zaidi. Kiwango cha ANSI/ESD S20.20, mwongozo wa Marekani wa kudhibiti umemetuli ambao hutumiwa na viwanda vingi, kimeandikwa kwa lengo la kulinda vifaa vinavyoweza kuharibiwa na volti kuanzia 100. Baina ya hizo 100 na zile 3,000 pana nafasi kubwa ambamo kifaa kinaweza kuumia na aliyekishika asijue lolote.

Ni haki kusema pia kwamba hofu hii hutiwa chumvi na wauzaji. Chipu za kisasa zina daiodi za kinga kwenye miguu yake, na chipu ikishachomelewa kwenye bodi, chaji inayoingia hugawanyika katika njia nyingi kabla ya kufika mahali pabaya. Bodi mama haifi kwa sababu umeishika na kidole kilicho wazi. Tatizo ni kwamba madhara mengine hayaui papo hapo. Tabaka hudhoofika tu, kompyuta huwaka vizuri, kisha baada ya muda huanza kuzima ghafla au kutoa makosa ya kumbukumbu ambayo hakuna fundi anayeweza kuyahusisha na siku ile ya uundaji. Mtu akiniuliza kama umemetuli ndio uliomharibia kifaa chake, mara nyingi sina namna ya kumjibu, na muuzaji hana namna ya kumkatalia wala kumkubalia kwa haki. Kinga rahisi inayoondoa swali hilo tangu mwanzo ina maana kwangu.

Sasa tuugeukie mkanda wenyewe. Kazi yake ni kuuweka mwili wa mvaaji katika kiwango kimoja cha volti na kasha la kompyuta, ili kusiwe na tofauti itakayofanya chaji iruke. Haumkingi mtu dhidi ya umeme kama glavu za mpira za fundi wa nguzo, na anayeununua kwa matumaini hayo atajiweka hatarini. Ndani ya waya, karibu na upande wa mkononi, mna rezista ya megaomu 1, na rezista hiyo ndiyo inayoutofautisha mkanda halali na kipande cha waya cha kujifungia. Kama kwa bahati mbaya mvaaji atagusa umeme wa volti 240, mkondo utakaopitia njia ya mkanda hautazidi miliampea 0.24, kiasi ambacho watu wengi hawakihisi. Kwa upande mwingine, megaomu 1 si kizuizi kwa umemetuli: ukizidisha na pikofaradi 100 unapata moja ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo mwili huishiwa na chaji kabla ya mtu kumaliza kupepesa jicho. Wapo wanaoshauri kuiondoa rezista au kutumia waya mtupu ili chaji itoke haraka zaidi. Ushauri huo hauongezi chochote upande wa kinga, na upande wa usalama unaondoa kila kitu.

Mkanda nilioutumia ni wa kitambaa kinachovutika, wenye nyuzi za metali upande wa ndani tu, na bati dogo la chuma cha pua linaloegemea ngozi. Upande wa nje haupitishi umeme, na ndivyo inavyotakiwa, ili mvaaji asiguse saketi kwa mkanda wenyewe. Bizimu ya plastiki inashika vizuri, ingawa kwa mwenye mkono mwembamba kitambaa kinachobaki huning'inia na kugusa kazi, hivyo ni bora kukikata na kuchoma ncha yake isifumuke. Waya huungwa kwenye bati kwa kifungo cha kubonyeza, na hapa pana jambo ambalo maelezo ya bidhaa hayalitaji: vifungo hivi huja kwa vipimo viwili vilivyozoeleka, milimita 4 na milimita 10. Aliyenunua mkanda huku na mkeka kule anaweza kujikuta na kifungo kisichoingia kwenye mwenzake, na hakuna namna ya kulazimisha. Kifungo cha seti hii kinaachia kikivutwa kwa nguvu kiasi, nami nakihesabia hilo kuwa ni sifa, kwani anayeinuka kwa haraka kwenda kufungua mlango ni afadhali aache waya mezani kuliko aondoke na kasha.

Udhaifu niliouona uko upande wa pili. Kibanio cha meno hakikuchomelewa kwenye waya. Kimechomekwa juu ya plagi ndogo ya ndizi, yaani kile kipini cha milimita 4 ambacho mafundi wa redio wanakifahamu. Mpango huo una faida yake, kwa maana kibanio kikitolewa, kipini kinaweza kuingia kwenye soketi maalumu ya ethi, yaani ya kuunganisha na ardhi. Lakini kwenye seti hii maungio yalikuwa legelege tangu mwanzo. Nilipoweka multimita, yaani mita ya kupimia umeme, kwenye kipimo cha megaomu 2, ncha moja kwenye bati la mkanda na nyingine kwenye meno ya kibanio, ilisoma 1.01, usomaji mzuri kabisa, kwa kuwa waya halali unatakiwa kuwa karibu na megaomu 1, juu au chini kwa asilimia 20. Nilipokizungusha kibanio kidogo kama kinavyozunguka chenyewe waya unapovutwa, namba ilitoweka na kioo kikaonyesha kwamba njia imekatika. Niliibana ala ya kibanio kwa koleo hadi ikashika, na tangu hapo usomaji haujayumba. Mtu asiye na multimita asingejua kamwe, naye angefanya kazi yote akiwa na mkanda mkononi na chaji mwilini.

Tatizo la pili linafanana na hilo, nalo liko kwenye kasha la kompyuta. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti inasema mvaaji abane kibanio kwenye kasha, na picha inaonyesha kibanio kikiuma ukingo wa kasha jeusi. Makasha mengi ya siku hizi yamepakwa rangi ya unga inayookwa, na rangi hiyo ni kihami kizuri sana. Nilibana mahali pale pale palipoonyeshwa kwenye picha na kupima kutoka bati la mkanda hadi kichwa cha skrubu cha pawasaplai, yaani kisanduku kinacholisha kompyuta umeme: hakuna njia. Meno ya kibanio yalikuwa yameacha vidoa vidogo juu ya rangi bila kuitoboa. Nilipokihamishia kwenye vibati vya chuma kitupu vinavyoziba nafasi za kadi nyuma ya kasha, megaomu 1 ikarudi. Skrubu zinazoshika pawasaplai hufaa pia, kwa kuwa nyuzi zake hukata rangi zinapoingia, na pia mabati ya ndani ambayo hayakupakwa rangi. Makasha ya kioo na alumini iliyotiwa rangi ndiyo yanayosumbua zaidi, kwani aluminiamu hiyo nayo hufunikwa na tabaka gumu lisilopitisha umeme hata pale inapoonekana kuwa ni chuma kitupu. Picha ile ya maelekezo, kwa maoni yangu, inatosha kuipunguzia seti hii daraja.

Baada ya kasha, swali linalofuata ni iwapo kasha nalo linapaswa kuungwa na ardhi. Pawasaplai ya kompyuta huwa na boma la chuma lililoungwa na waya wa ethi wa plagi, na boma hilo likishafungwa kwa skrubu, kasha zima linakuwa kwenye ethi. Ukichomeka kebo kwenye soketi ya ukutani yenye ethi, huku swichi ya nyuma ya pawasaplai ikiwa imezimwa, umeme hauingii kwenye bodi lakini njia ya ethi inabaki. Utaratibu huu ni mzuri pale tu soketi ina ethi ya kweli. Nyumba zenye nyaya za zamani, adapta za pini mbili na kebo za kurefusha zilizokatwa pini ya tatu huondoa njia hiyo bila dalili yoyote. Asiye na uhakika wa soketi yake achomoe kebo kabisa na kubakiza mkanda kwenye kasha: mwili, kasha na vifaa vitakuwa katika kiwango kimoja cha volti, na kwa kinga ya vifaa hilo ndilo la lazima, wakati ethi ya ukutani ni nyongeza nzuri. Zipo plagi zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hii, ambazo pini ya ethi pekee ndiyo ya chuma na nyingine mbili ni za plastiki. Nazo ni njia safi kuliko kuhangaika na kasha. Jambo lisilofaa hata kwa majaribio ni kuchomeka ncha ya waya kwa mkono ndani ya tundu la soketi kwa kukisia kuwa ndilo la ethi. Aidha, mkanda uvuliwe kabla ya kuwasha mashine, na usivaliwe kamwe na anayefungua pawasaplai yenyewe.

Mkeka wa seti hii una matabaka mawili: juu mpira wa buluu, chini mpira mweusi unaopitisha umeme kwa wepesi zaidi, na kwenye pembe kuna vifungo viwili vya kubonyeza, kimoja cha mkanda na kingine cha waya unaokwenda kwenye kasha. Wapo wanaouliza kwa nini mtu asitandike bati la chuma, ambalo hupitisha umeme vizuri kuliko mpira wowote. Jibu ni kwamba hatari haitoki kwenye mwili wa mtu peke yake. Moduli ya RAM inayoteleza kutoka kwenye ganda lake la plastiki huweza kuondoka na chaji yake yenyewe, na ikitua juu ya chuma kitupu, chaji hiyo yote humwagika kwa kishindo kupitia mguu mmoja wa chipu, tena kwa kasi kuliko inavyotoka kwenye kidole. Uso wa mkeka, wenye ukinzani ambao viwanda huutaka uwe chini ya gigaomu 1, huiachia chaji itoke taratibu. Mkanda hauna msaada katika hali hiyo, na hapo ndipo mkeka unapopata thamani yake.

Ubora wa uso huo sikuweza kuupima ipasavyo, na sidhani kama mnunuzi wa kawaida ataweza. Kipimo chake hufanywa kwa mita maalumu inayotoa volti 10 au 100, pamoja na ncha nzito za duara zinazokandamiza uso kwa uzito unaojulikana. Multimita ya mfukoni haina uwezo huo. Nilichoweza kuhakiki ni kwamba vifungo vyote viwili vimeshikamana na tabaka la chini, kwani kifungo kilichoshika mpira wa juu tu ni kasoro inayojulikana katika mikeka rahisi. Mpira unanukia vikali siku za kwanza na pembe zake hujikunja hadi uulaze chini ya vitabu usiku mzima. Kwa joto, unastahimili ncha ya kuchomelea ikiugusa kwa bahati mbaya, tofauti na mikeka ya vinaili inayoyeyuka. Usafishaji wake una mtego: sabuni na dawa za kung'arisha samani huacha utando usioonekana, na mkeka uliosafishwa hivyo hugeuka kitambaa cha meza tu. Kitambaa chenye maji kidogo, au alkoholi ya isopropili kwa mkeka wa mpira kama huu, kinatosha. Anayeunda kompyuta moja na kuifunga kwa miaka anaweza kuukosa mkeka bila kujuta, mradi aweke bodi juu ya boksi lake la karatasi ngumu na asiitoe moduli yoyote kwenye mfuko wake kabla ya zamu yake kufika.

Kuhusu mkanda usio na waya sina mengi, kwa sababu hakuna mengi ya kusemwa. Una bati, una kijisanduku cha plastiki chenye skrubu, na maelezo yanayodai kwamba chaji hutawanyika hewani. Ni kweli kwamba chaji huweza kuvuja hewani kutoka kwenye ncha kali, lakini uvujaji huo huhitaji volti nyingi, nao hukoma volti zikishuka, ukiuacha mwili na maelfu ya volti ambayo ni zaidi ya kile kinachotosha kuua chipu. Nilijisugua kwenye kiti cha polista nikiwa nimeuvaa, kisha nikagusa kitasa cha mlango: cheche ilinipiga kama vile sikuvaa kitu. Chaji inahitaji njia ya kupita, na waya ndiyo njia. Bidhaa hii ina ubaya kuliko kukosa kinga, kwa kuwa anayeivaa huacha hata ile tahadhari ya kugusa kasha ambayo angeichukua kama mikono yake ingekuwa mitupu.

Glavu zenye nyuzi za kaboni ziko katikati. Zinazuia jasho na mafuta ya vidole yasibaki kwenye migusano ya dhahabu ya RAM na kadi ya grafiki, na hazizalishi chaji kama glavu za nailoni tupu. Lakini hazimwondolei mvaaji chaji iliyomo mwilini, na vidole vyake hupoteza wepesi pale anapohitaji wepesi zaidi, yaani anapoingiza skrubu ndogo ya SSD ya M.2 (diski bapa inayolala juu ya bodi mama) au anapochomeka vile vipini vya swichi ya kuwashia. Kwenye soketi ya prosesa ningezivua kabisa. Katika soketi za aina ya LGA, zikiwamo AM5 na LGA1700, miguu iko kwenye bodi mama badala ya prosesa, ni myembamba mno na imeinama kama majani. Uzi mmoja wa glavu ukinasa hapo hasara yake ni ya hakika, wakati hasara ya umemetuli ni ya uwezekano tu.

Kuna kifaa kingine cha kinga ambacho kila mnunuzi hukipata bila kukilipia, nacho ni mifuko inayofunga vifaa. Mfuko wa rangi ya waridi haujizalishii chaji, lakini hauzuii chaji ya nje kupenya. Unafaa kwa skrubu na kebo. Mfuko wa rangi ya fedha una tabaka jembamba la metali linalokizunguka kifaa na kukikinga dhidi ya chaji ya nje, mradi mdomo wake umefungwa na haukutoboka. Wapo wanaoutandika mfuko huo mezani, wakaiweka bodi juu yake na kuiwasha kwa majaribio. Kinga ya mfuko iko ndani, na tabaka la metali liko chini ya milimita moja kutoka kwenye miguu mikali iliyochomelewa nyuma ya bodi. Mahali sahihi pa kuwashia bodi nje ya kasha ni juu ya boksi la karatasi ngumu. Mifuko ya waridi iliyokaa muda mrefu katika ukavu hupoteza sifa yake pia, kwa hiyo kuirithi kutoka kwa vifaa vya zamani hakuna maana kubwa.

Seti nzima, hata ikiunganishwa ipasavyo, haigusi chaji iliyo juu ya vihami. Sweta la sufu, povu jeupe la kufungashia, filamu ya plastiki inayobanduliwa kwenye kioo cha kasha na ule utepe wa kunata vyote vinabaki na chaji yake hata vikiunganishwa na ethi kwa waya kumi, kwani kihami hakiruhusu chaji itembee hadi kwenye waya. Miongozo ya viwanda hutaka vitu vyenye zaidi ya volti 2,000 viwekwe umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye vifaa. Nyumbani maana yake ni kwamba maboksi na mapovu yote yaondolewe mezani kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa, na kwamba filamu ya kioo ibanduliwe kazi ikiwa imekwisha na upande wa kioo ukiwa mbali na bodi. Kifyonza vumbi cha nyumbani nacho, kwa mrija wake wa plastiki unaosuguliwa na vumbi linalopita, ni mtambo mzuri wa kuzalisha chaji. Kisisogezwe kwenye bodi iliyo wazi.

Bila shaka kuna atakayeuliza kwa nini asiguse tu chuma cha kasha kabla ya kushika kila kifaa. Njia hiyo inafanya kazi kwa wakati ule wa kugusa. Mtu akijigeuza kitini, akavuta mkono wa shati au akainua mguu kutoka zuliani, volti hupanda upya, na kumbukumbu ya kugusa kasha hupotea haraka anapokuwa anahangaika na kebo ya pini 24 inayokataa kuingia. Mwenye nidhamu, katika hewa yenye unyevu, akiwa amevaa pamba na kusimama juu ya sakafu ya saruji, anaweza kutosheka na njia hiyo. Mwenye zulia, kiyoyozi na kiti cha magurudumu avae mkanda.

Kwa anayeuchukua mkanda huu, ukaguzi wake usiishie siku ya kununua. Waya uliojizungusha hukatikia ndani, kwenye shingo ya kifungo, bila ganda lake kuonyesha alama, na jasho hula nyuzi za metali za kitambaa. Pima bati hadi kibanio, kisha pima tena ukiwa umeuvaa, ncha moja ya multimita ukiishika kwa mkono wa pili na nyingine ikigusa kibanio. Kipimo hiki cha pili kinajumuisha ngozi, hivyo namba itakuwa kubwa zaidi. Viwanda huruhusu mfumo mzima ufike hadi megaomu 35, ingawa mkanda mzima kwenye ngozi ya kawaida hukaa chini ya hapo kwa mbali. Mwenye ngozi kavu ataona namba zikiyumba hadi alowanishe kifundo kidogo kwa maji, au asogeze bati hadi upande wa ndani wa kifundo penye ngozi laini. Kitambaa kikishalegea kiasi cha kuingia vidole viwili chini yake, mkanda mpya ununuliwe, na waya wa zamani uendelee kutumika ikiwa bado unasoma megaomu 1 na kifungo chake ni cha kipimo kile kile.